Kaburi la Mfalme na Maji ya Kunawa

Watu wa Minago, kijiji cha Burundi kando ya ziwa, walidhani Agata anakwenda Moroko kutembea, na aliyewadanganya ni yeye mwenyewe. Alipita nyumba kwa nyumba akiaga, akieleza kwamba mwanawe Clever amewaalika, yeye na bintiye Ineza, wakale vakanse, yaani likizo, huko, wakaone miji ya kale, kuta na malango na makasri ya wafalme waliokufa zamani. Yote hayo yalikuwa kweli tupu. Alichokificha ni kimoja tu, kwamba kuta na malango hayakumnyima usingizi. Agata alikuwa anakwenda kumrudisha mtoto wake nyumbani.

Mumewe, Anselmo, alikuwa amefariki mwaka juzi na kuzikwa nyuma ya nyumba, kati ya michikichi aliyoipanda kwa mikono yake. Clever, kifungua mimba wao, hakuja kuzika. Wakati huo ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi ya uhandisi mjini Rabati, na vibali vyake vya kuishi vilikuwa ofisini vikifanywa upya. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi. Hilo kila mtu alilielewa. Lililowashinda watu kulielewa ni kwamba vibali vilitoka, mwaka ukaisha, mwaka wa pili ukafika katikati, na Clever bado alikuwa na udhuru mpya kila mwezi. Mara kazi, mara homa, mara bosi kasafiri.

Na kwa Warundi msiba hauishi wenyewe kama mvua. Sharti ipangwe siku, watu waketi pamoja, wanywe, wamkumbuke marehemu, ndipo familia ivuliwe msiba. Siku hiyo inaitwa kuganduka. Kabla yake nyumba haifanyi sherehe yoyote, na nyumbani kwa Anselmo nani angethubutu kuganduka bila mtoto mkubwa? Kwa hiyo Ineza, aliyekuwa amekubaliana na Bienfait, mwalimu wa huko Rumonge mjini, alikuwa amekaa tu kama mzigo uliosahauliwa bandarini. Baba yake Bienfait aliulizia tarehe ya harusi mara ya kwanza kwa maneno ya heshima. Mara ya pili, walipokutana nje ya kanisa, alimtazama Agata akakohoa. Siku hizi hata kukohoa alikuwa ameacha, na kunyamaza huko ndiko kulikomtisha Agata.

Jirani yake pekee ndiye aliyejua siri ya safari. Huyo ni Kabibi, Mkongo wa Baraka, aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni kila asubuhi.

"Mama Clever, ukifika kule utamuambia nini?"

"Nitamuambia turudi nyumbani. Mimi niko mama yake."

Kabibi akageuza samaki wake kwanza. "Mutoto iko na woga, usimuvute na nguvu. Umungoje, atasema yeye mwenyewe."

Agata aliupenda ushauri kama alivyoipenda chumvi, yaani kidogo, na aitie yeye mwenyewe. Akamshukuru Kabibi, akafunga ndagala katika vitambaa vitatu ili harufu isiwaudhi wazungu wa ndege, akatia na chupa ya mawese, kwa sababu mtu haendi kwa mwanawe mikono mitupu.

Kabla hawajatoka, Ineza alimshika mkono. "Mama, habari ya Bienfait usimuambie Clever. Sitaki arudi kwa sababu yangu mimi."

"Basi arudi kwa sababu ya nani?"

"Ya baba."

Clever aliwapokea stesheni ya Rabati kwa kukumbatia na kulia kidogo na kucheka sana. Alikuwa amenenepa, na nywele zilikuwa zimeanza kumkimbia mbele kama zilivyomkimbia Anselmo. Agata alipoona paji lile la uso roho ilimruka. Alitaka aseme neno lake palepale penye mlango wa treni, lakini mtoto alikuwa ameshabeba mizigo yote miwili na anakwenda mbele akieleza ratiba.

Ratiba yenyewe ilikuwa na sababu. Anselmo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mishamo, katika makazi ya wakimbizi Tanzania, na somo lake lilikuwa historia. Ramani hakuwa nayo. Aliichora Afrika kwa chaki, na juu kabisa, karibu na bahari, aliandika kwa mwandiko wake wa kuinama: Rabati, Fezi, Meknesi. Watoto ambao hata Kigoma hawakuwahi kufika waliyaimba majina hayo kama wimbo wa kuruka kamba.

"Baba alitufundisha miji hii na hakuiona hata mumoja," Clever alisema usiku huo wakila ndagala kwa wali. "Nimesema muje, tuione kwa ajili yake."

Agata alilirudisha tonge sahanini. Maneno yalikuwa mazuri, tena ya mtoto mwema. Ndiyo maana yalimkera. Mtu anayemkumbuka baba yake hivi anashindwaje kupanda ndege moja ya kwenda kwake?

Siku ya kwanza walikwenda Shela, nje ya kuta za Rabati, mahali ambapo mji wa zamani sana umebaki mawe, na juu ya mawe hayo wafalme wa baadaye walizikwa. Korongo walikuwa wamejenga viota vyao juu ya mnara uliovunjika, wakigonganisha midomo. Ineza alipiga picha mpaka simu ikapata moto. Watu wa mataifa yote walikuwa wakizunguka makaburi kwa adabu, wakiinama kusoma vibao. Agata aliwatazama, akasema moyoni kwamba wametoka mbali kote huko kuja kumwona marehemu wasiyemjua hata jina la mamaye. Jambo lingine lilimsumbua, ila hakulisema. Watu walitoka pale makaburini, wakaenda moja kwa moja kununua chakula, na hakuna aliyenawa mikono.

Kutoka hapo walikwenda Fezi. Mji mkongwe wa Fezi una vichochoro vyembamba hivi kwamba punda akipita na mzigo wake binadamu hana budi kujibandika ukutani, na punda wa huko hawamwombi mtu radhi. Agata, ambaye baiskeli za Minago zenye mikungu ya ndizi zilikuwa zimemfundisha kuruka, aliwakwepa vizuri kuliko watoto wake. Walipofika mahali pa kutengeneza ngozi, mwenye duka aliwagawia wageni majani ya mnanaa wayaweke puani kwa ajili ya uvundo. Agata akayakataa.

"Mwambie mimi natoka kwenye ndagala," alimwambia Clever. "Pua yangu haitishwi."

Clever alitafsiri, mwenye duka akacheka, na Clever akacheka kwa sauti ya baba yake hasa. Agata akaona hapo ndipo. Walipokuwa wakipanda kilima cha juu ya mji, penye magofu ya makaburi mengine ya wafalme, akaanza: "Clever, mwanangu, mimi sikuja huku..."

"Mama, geuka! Angalia muji wote ulivyo!"

Aligeuka. Mji wote ulikuwa chini yao, rangi ya udongo mkavu, na moshi mwembamba. Alipogeuka tena Clever alikuwa ametangulia hatua nyingi, akimwonyesha Ineza ukuta. Jioni yake, hotelini, alijaribu tena, na Clever akakumbuka kwamba hajapiga simu kazini. Siku hiyo Agata alikasirika kweli. Alilala kifudifudi akimwambia Ineza kwamba mtoto huyu amewaleta huku kote kuwatembeza makaburini, kaburi baada ya kaburi, na lile moja linalomngoja hataki hata kulisikia. Ineza alikuwa analia kimyakimya, na Agata alipomsikia akajuta kusema.

Mji wa mwisho ulikuwa Meknesi. Agata alikwenda akiwa amekata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hutembea vizuri maana hana anachokitafuta. Alilitazama lango kubwa la mji kwa mara ya kwanza kwa macho ya mgeni hasa, akalisifu. Alisimama mbele ya kuta nene alizozijenga yule mfalme wa farasi maelfu ambaye Anselmo hakuchoka kuhadithia habari zake, akakumbuka mumewe akiigiza kwato za farasi kwa kupiga meza ya shule, akacheka peke yake.

Mfalme huyo amelazwa katika nyumba nzuri. Walipita ua baada ya ua, kila mmoja mtulivu kuliko uliotangulia, wakavua viatu, wakafika penye vigae vya rangi na taa za kuning'inia, wakasimama mahali wageni wanaporuhusiwa kusimama. Clever alikuwa ameshika kofia yake mkononi, akiikunja na kuikunjua.

Walipotokea uani, Agata akaona katikati yake bakuli pana la marumaru, na maji yakibubujika humo taratibu.

Moyo wake ukatulia. Kumbe hata hawa wana adabu! Siku zote hizo alikuwa akitembea na mikono ya makaburini, akila nayo, akilala nayo, akiona aibu kama mtu aliyevaa nguo kinyume. Minago mtu hatoki kuzika akaingia nyumbani hivihivi. Beseni na jagi la maji huwekwa mlangoni, kila mmoja ananawishwa, ndipo anaketi, ndipo anapewa cha kunywa. Agata akaweka mkoba chini. Akapandisha mikono ya gauni, akaizamisha mikono yake mpaka viwikoni katika bakuli la mfalme, akanawa sawasawa, na kwa sauti ileile anayowaitia watoto kutoka ziwani akasema:

"Ineza, njoo unawe! Clever, na wewe!"

Watalii waligeuka wote. Ineza alitamani ardhi ipasuke. Mlinzi wa pale, mzee mwenye kanzu nzito, alikuja mbiombio akipunga mkono, na Clever akamwahi, akazungumza naye kwa Kiarabu, huku akionyesha mama, akionyesha kaburi. Mlinzi alisikiliza. Kisha akasema neno fupi, akawapa mgongo, akajifanya anatazama mlango.

"Anasema nini?" Agata aliuliza, maji yakimchuruzika.

"Anasema hapa si pa kunawa, maji ni ya kupendezesha tu. Ila tumalize upesi, kundi lingine linaingia."

"Basi maliza upesi. Njoo."

Ineza akaja, akachovya vidole, akacheka kwa aibu. Clever hakusogea. Alikuwa ameificha mikono mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari.

"Clever, tumetoka kaburini, hatukutoka?"

"Tumetoka, Mama."

"Sasa?"

"Ya baba sijanawa," Clever alisema. "Nitanawaje ya huyu?"

Maneno yote ambayo Agata aliyapanga tangu Minago, ya ukali na ya kubembeleza, yalimtoka kichwani yakapotea. Alibaki na mikono iliyolowa. Alimtazama mwanamume huyu mwenye kitambi na kazi nzuri na lugha tatu, akaona uso wa mtoto wa Mishamo aliyevunja chungu na kulala porini kwa kuogopa kurudi. Alimhurumia mpaka kifua kikamuuma. Akafuta mikono kwenye gauni, akamshika kiwiko, wakatoka.

Waliketi kwenye ukuta mfupi, nje, juani. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Agata alifuata ushauri wa Kabibi, na ilimgharimu kuliko safari nzima. Alingoja.

"Siku ile ya kuzika," Clever akaanza, "Ineza alinishikia simu nione."

"Nakumbuka. Rezo ya simu ikakata."

"Rezo haikukata. Nilikata mimi." "Baba mudogo alisema, siku hizi baba anazikwa kwa simu. Nilimusikia. Watu wote walimusikia. Mama, nikija, nitapita wapi? Kila mutu ataniangalia hii mikono."

Agata alilikumbuka neno lile. Melkiades, mdogo wake Anselmo, ana ulimi usio na mlango, na siku ile watu waliinamisha vichwa wakidhani limeishia hapo, kumbe lilivuka jangwa zima likamfikia aliyelengwa.

"Sasa nisikilize mimi," alisema. "Babu yako Zabroni, kaburi lake uliliona wapi?"

"Sikuliona."

"Hata baba yako hakuliona. Mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji, alikimbia na Melkiades, vijana wadogo, wakavuka kwenda Kigoma. Mzee alibaki nyuma, na mpaka leo hakuna anayejua alilazwa wapi. Tumekaa Tanzania miaka thelathini na kitu. Siku tuliporudi Minago, wewe ulikuwa shuleni bado, hukuwapo. Baba yako alikwenda mahali nyumba ya mzee iliposimama, yamebaki majani tu. Akachota udongo, akautupa. Na Melkiades akatupa. Kisha wakasimama pale, hawajui waende wapi, maana hakuna mlango wala beseni. Nikaenda mimi kwa jirani kuazima jagi. Baba yako, yeye mukubwa, akalichukua akamumiminia maji mudogo wake. Melkiades alilia kama mutoto. Thelathini na kitu, Clever! Na hakuna aliyewauliza mulikuwa wapi."

Clever alikuwa ameinama.

"Sasa mutu kama huyo akiona simu juu ya kaburi la kaka yake, anasema vibaya. Alikuwa na uchungu. Mimi mwenyewe nilimukasirikia. Lakini hakuna mutu Minago anayejua kuchelewa kuliko Melkiades."

Ineza alikuwa amesimama karibu, ameshika viatu vya mama yake ambavyo Agata, kwa haraka ya kutoka, alikuwa amevisahau mlangoni. Clever akavichukua, akapiga goti, akamvika mama yake kimoja baada ya kingine.

"Ningenawa pale ingekuwa mubaya?" aliuliza, kichwa bado chini.

"Ingekuwa maji tu. Ya kwako yako Minago."

Aliporudi nyumbani Agata hakumwambia mtu. Kabibi alipouliza habari za Moroko alijibu kwamba punda wa huko hawana adabu na kwamba mfalme amelala pazuri. Aliogopa. Mtoto anaweza kulia Meknesi na kusahau Rabati. Siku alipopata ujumbe wa Clever wenye tarehe ya ndege, aliusoma mara nyingi, akampa Ineza ausome, kisha akapanda kwa Melkiades kumwambia kuganduka ni Jumamosi baada ya misa. Melkiades alisema, "Sawa," akaendelea kumenya muhogo wake.

Jumamosi hiyo ua ulijaa. Watu walitoka Muhuta, wengine Kabonga. Kreti za bia zilipangwa kivulini, na wazazi wa Bienfait walikuja wakaketi nyuma kabisa, kimya kama wadai wenye heshima. Melkiades alikaa kiti cha mbele. Clever alikuwa amefika jana yake usiku, na bado hawakuwa wameonana.

Clever akaenda nyuma ya nyumba, kati ya michikichi, pamoja na mama yake na Ineza. Hakukaa sana. Alipiga magoti, akachota udongo mwekundu kwa mikono yote miwili, akautupa juu ya kaburi, akabaki na mikono michafu ameinyoosha mbele yake asijue aiweke wapi. Agata alilia hapo, na hakujificha. Kisha wakazunguka nyumba wakaja mbele, na ua mzima ukageuka kuiangalia mikono ile, kama mwenyewe alivyoogopa.

Beseni lilikuwa mlangoni. Agata akachukua jagi. Kwa desturi mdogo ndiye humnawisha mkubwa, na Ineza alikuwa ameshanyoosha mkono alipokee, lakini kiti cha mbele kikalia na Melkiades akasimama. Alikuja polepole, miguu imeanza kumsumbua. Akalitoa jagi mkononi mwa Agata.

"Nyosha," alimwambia Clever.

Maji yakamiminika, udongo ukateremka mwekundu ndani ya beseni. Melkiades alimimina mpaka mikono ikatakata, akaendelea kumimina.

"Baba mudogo, nimechelewa," Clever alisema.

"Kawia ufike," Melkiades akasema. Alitaka kuongeza neno, na watu waliomjua walishika pumzi, lakini kwa mara hii ulimi ulimgomea. Akatikisa kichwa tu. Ndipo Clever akalichukua jagi akamnawisha naye baba yake mdogo, wakaingia kuketi pamoja, na chupa zikaanza kufunguliwa.

Huko nyuma kabisa, baba yake Bienfait akakohoa.

Agata alikisikia kikohozi hicho akiwa bado ameshika taulo. Akamtazama Ineza, na Ineza akainamia miguu yake. Agata akacheka kwa sauti kubwa, kicheko ambacho ua ule haukuwa umekisikia tangu Anselmo afe.